Nani Ananipiga Picha?

Marahaba, Zuhura mdogo wangu, maana najua ungeniamkia.

Juzi alasiri hapa Bagamoyo, kwenye shughuli ya wanawake ya harusi ya binti wa wifi yangu, simu zote zilikusanywa kapuni mlangoni ili bibi harusi asipigwe picha. Nimekaa na biriani yangu, mara flashi pembeni mwa jicho la kushoto. Nikaweka mtandio sawa, nikatabasamu. Ikapiga tena, nikageuza shavu lenye kidoti. Ya tatu ndipo nikakumbuka heshima, nikafoka: "Nani ananipiga picha?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Wifi akaninong'oneza, "Wifi, simu zote zimo kapuni."

Biriani ikanishinda. Nilikumbuka onyo la daktari aliyenitoa mtoto wa jicho: ukiona mimweko, njoo siku hiyohiyo, retina ya nyuma ya jicho inaweza kubanduka ukapofuka. Nikakimbizwa Dar. Kweli ilikuwa imeanza kuchanika, wakaiwahi kwa leza.

Nawe umetolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita, na kwa kujiona wazuri tumetoka tumbo moja. Mungu akulindie macho. Ukiona mwanga pembeni, mdogo wangu, usitabasamu. Kimbia.

Dadako, Mwanaidi