Mtawala Aliyekula Firigisi Mezani Kwangu

Jumapili jioni, mwezi wa Mei. Shinyalu.

Mvua imenyesha tangu saa nane mchana na sasa imebaki kudondoka tu kwenye migomba. Umeme upo, chai ipo, mtu wa kunywa naye hayupo. Nimekaa mezani na kompyuta yangu nikiwa na hofu na furaha kwa pamoja, na sijui nianze na ipi.

Nianze na dikteta wangu.

Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba ninaandika riwaya kuhusu nchi ya miaka ijayo inayotawaliwa na mtu mbaya. Nilimwita Jemadari Chuma. Nilimpa jicho la bandia, magwanda yenye nishani hadi kiunoni, na bwawa la mamba nyuma ya ikulu. Kila sura ilikuwa lazima atupe mtu bwawani. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mtawala katili. Nikamtumia binti yangu Faith, anayefanya kazi Mombasa, sura tatu za kwanza. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Mama, huyu jamaa haniogopeshi hata. Nawahurumia tu hao mamba, watavimbiwa."

Nilicheka pia. Kisha nikalia kidogo, maana tangu baba yake afariki mwaka jana, riwaya hii ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi. Kama Jemadari ni kichekesho, mimi ninaamkia nini?

Sasa ya jana.

Shemeji yangu Wycliffe, mdogo wa marehemu, alikuja kunitembelea kutoka upande wa Mukumu. Kwa muda mrefu hakuna aliyeingia nyumba hii isipokuwa jirani anayeniletea maziwa, naye huishia mlangoni. Shemeji alikuja na mkate, sukari na majani ya chai. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli nilipona. Nilifagia ua mara mbili. Nilichinja kuku, jambo ambalo sijalifanya tangu mazishi, kwa sababu nani huchinja kuku akamla peke yake? Nikasonga obusuma mgumu, ule unaosimama sahanini, maana ugali laini kwetu ni wa mgonjwa. Nilikuwa naimba jikoni, nakiri.

Kisha nikafanya kosa.

Kwetu firigisi ya kuku, tunayoiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Si ya mke, si ya mtoto, na mgeni hata awe mheshimiwa namna gani atapewa paja na ataridhika. Miaka yote ya ndoa yangu niliiweka juu ya nyama kwenye sahani ya mume wangu bila kufikiri. Mazoea yana taabu. Jana niliona mwanamume amekaa mezani, mkono ukaenda wenyewe. Nilipakua, nikaiweka imondo juu, nikamsogezea Wycliffe sahani.

Aliiona. Akanitazama, kisha akaila polepole mpaka ikaisha.

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo waliuliza nani atakayesimamia boma hili, na mimi ndani yake. Nilisema nitakaa mwenyewe. Hawakukubali, hawakukataa, swali likaachwa hapo. Jana Wycliffe aliamini kwamba nimelijibu.

Alipomaliza kunawa alihama kutoka kiti cha wageni, akakalia cha kaka yake. Hakupandisha sauti. "Usijali tena, mulamwa," alisema, ndivyo tunavyoitana mashemeji. "Hii boma haiwezi kaa hivi bila mtu. Nitakujanga kila Jumamosi. Zile ng'ombe zangu mbili nitaleta zilale hapa. Na huyo mwalimu amekodi shamba ya chini, nitamwambia atoke."

Na mimi nikasema karibu.

Nilijua anachomaanisha. Nilijua ana mke na watoto kwake, na kwamba nyumba, shamba na mimi mwenyewe tumeshaingizwa kwenye mipango yake. Lakini alikuwa amesema kila Jumamosi. Maneno hayo yalinitia joto. Mtu atakuja, nitakuwa na wa kumpikia, nitasikia kikohozi cha mtu mwingine sebuleni. Nilimsindikiza hadi barabarani, akapanda pikipiki, nami nikasimama pale nikimpungia mkono mpaka akapotea kwenye kona.

Naona aibu kuyaandika haya, ila nikidanganya hapa nitasema ukweli wapi?

Leo sikwenda kanisani. Nilifungua riwaya nikamfuta Jemadari Chuma, pamoja na jicho lake na mamba wake wote, wapumzike salama. Mtawala mpya hana jina bado. Anavaa sweta. Sheria yake ni moja tu: hakuna mtu kumtembelea mtu. Ndugu hawaonani, majirani hawapigiani hodi, matanga yamefutwa. Anayetembelea watu ni yeye. Huja nyumba kwa nyumba na mkate na sukari, anauliza habari za magoti na za mahindi, anakula kilichopikwa. Akiondoka, kuna kitu cha nyumba ile ambacho tayari ni chake, na mwenyeji amesimama barabarani akijiuliza atarudi lini. Hana jeshi. Watu wanamtii kwa sababu hakuna mwingine anayekuja.

Niliandika mpaka chai ikapoa, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa mtu niliyemtunga mwenyewe. Nilifurahi mno. Kisha nikakumbuka Jumamosi.

Wycliffe si mtu mbaya, sitaki kumsingizia. Siku tulipomzika kaka yake alilia kuliko sote. Nadhani hata yeye anaamini ananisaidia.

Mvua ilipoanza nikampigia simu. Nilimwambia ile imondo niliiweka kwenye sahani yake kwa mazoea tu, haikuwa jibu la chochote. Nikasema asilete ng'ombe, na mwalimu anabaki kwenye shamba la chini. Nikamkaribisha aje na mke wake siku yoyote, nitawapikia wote wawili. Nilisema yote hadi mwisho.

Halafu akauliza, bila hasira hata kidogo: "Sawa, mulamwa. Sasa utakuwa unakaa na nani?"

Nikasema asante, nikakata.

Hatakuja Jumamosi, wala mke wake hatakuja, najua. Nyumba imenyamaza kuliko ilivyokuwa kabla hajaja, na sikujua kama hilo linawezekana. Ninasikitika. Sijutii, lakini ninasikitika sana.

Nimerudi kwenye riwaya. Katika sura ninayoiandika, mwanamke mmoja amekataa kumfungulia mtawala. Amesimama nyuma ya mlango, ameshika komeo kwa mikono miwili. Mtawala hapigi kelele wala havunji kitu. Anamuuliza swali la Wycliffe, neno kwa neno, kwa upole uleule. Hajawahi kusema jambo la kutisha zaidi katika kitabu chote.

Yule mwanamke hajamjibu. Nimemkazia macho jioni nzima na sijui nimtie maneno gani kinywani. Nikiamka kesho nitaanzia hapo.