Mgongo Niliouchua Bulwa

Bulwa, Jumatano

Dada yangu Naomi,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Watoto kikohozi kimewaachia? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii, na sababu ni Mama. Barua yako ilisema anaendelea vizuri, mgongo tu ndio unamsumbua. Natamani iwe hivyo bado.

Huku tunachuma chai. Shamba limetaifishwa, tunaambiwa sasa ni letu, lakini kikapu hakijapungua uzito hata kidogo! Wenzangu wakitoka kazini mabega yamekakamaa wanakuja kwangu, nawachua kwa mafuta ya nyonyo kama Mama alivyotufundisha. Wengine husinzia hapo hapo kwenye kigoda, mate yanawatoka, tunachekana.

Sasa usinicheke. Jana alasiri ukungu ulishuka hadi mlangoni. Niliingia ndani kuchukua chupa ya mafuta, kutoka nikakuta mama mmoja mtu mzima ameshakaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, kanga ameishusha. Nikamwamkia shikamoo. Kimya. Unajua Mama alivyotukataza kumgusa mtu ambaye hajaitikia salamu. Nikajiambia, huyu kachoka tu, nikaanza.

Mgongo ulikuwa wa baridi, dada, mafuta yakagoma kupenya. Nikashuka na dole gumba chini ya bega la kushoto, nikalikuta lile fundo, gumu kama kokwa. Pembeni yake kovu la uji wa moto. Nani mwingine ana mgongo ule? Miaka yote tumelikanda kwa zamu, mimi na wewe, likakataa. Jana likalegea mkononi mwangu, likaisha kabisa. Akashusha pumzi ndefu. Niliogopa kuzunguka nimwone uso, Mungu anisamehe, nikafumba macho. Kufumbua, kigoda kitupu.

Jirani yangu Mama Agnes alikuwa mlangoni pake anachambua maharage. Namuuliza mgeni kaelekea wapi, anaweka ungo chini. "Mgeni gani, mwenzangu? Toka saa ile unachua hewa. Nimeogopa kukuita."

Nyapara amenipa ruhusa kuanzia Ijumaa. Barua hii anaichukua dereva wa lori leo, itanitangulia. Nisalimie shemeji, na mwinjilisti wetu, na shangazi wa mbuzi wengi. Mama akiwa mzima, nichekeni mpaka mchoke. Kama sivyo, dada, msimzike kabla sijafika. Mgongo ule nitauosha mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Eliza