Wajane Niliowaandika Mimi

Unguja, Ijumaa, baada ya sala

Kwa kaka yangu Omari, huko Ngorongo, au popote ulipojificha.

Shikamoo, kaka. Salamu zangu zikutangulie kabla ya karatasi yenyewe. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila moyo hauna raha hata kidogo. Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje? Shemeji na watoto je? Nauliza kama mtu atakayejibiwa kesho, na huku najua barua zangu mbili za kwanza hazikujibiwa. Tangu hivi vita vya maji vianze sijapata neno lako, si jema si baya. Basi soma hii mpaka mwisho, uirudie tena, kisha uitie motoni. Usimwachie mtu yeyote.

Safari ile ya mwisho uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikakujibu ukarani, ukacheka, ukasema karani ni mtu anayelipwa kwa kukaa. Haya, leo nikueleze huko kukaa kwenyewe, maana chakula chenu kimo humo.

Kuna baraza la watu wa mataifa hapa, Waingereza, Mfaransa, Wahindi, na Mdachi mmoja mfanyabiashara. Wenyewe wanaliita kamati. Wameungana kupeleka chakula kwa watu walioingiwa na njaa huko Mrima, pwani ya bara. Mchele wanao. Umejaa ghalani, nimeuona kwa macho yangu haya. Lakini mchele hautoki kwa sababu mtu ana njaa, kaka. Unatoka karatasi ikisema utoke. Kila mwanzo wa mwaka wanakaa wanagawa mali yote kwa mafungu: fungu la chakula, fungu la dawa, fungu la ofisi. Fungu moja likiisha huwezi kuchota kwa jirani yake mpaka kikao kingine kikae, na kikao hakikai mpaka watu watano watimie. Wakiwa wanne wanakunywa chai, wanarudi makwao. Wallahi nimewaona, tena mara mbili! Mkubwa wao ni mzee wa Kiingereza mwenye kengele ndogo mezani. Si mtu mbaya, ila akiigonga ile kengele yake, hata mwenye moto nguoni atangoja zamu.

Mimi nakaa pembeni, nafasiri barua za Kiswahili na kuandika wanayosema. Kauli sina. Nikikohoa tu wananitazama.

Barua ya Ngorongo ilifika mwezi uliopita, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kaiandika kwa niaba ya wazee. Mwandiko wake niliutambua mara moja. Anasema askari wa Wadachi wamechoma mashamba, wamechoma na maghala, watu wanachimba ndiga porini. Na wewe unaijua ndiga, bila kulowekwa siku zake zote ni sumu. Wengine njaa hairuhusu kungoja, wanaipika hivyo hivyo. Wajukuu wawili wa jirani yetu wamekufa nayo. Mwalimu akaomba mchele. Mzee wa kengele akauliza, "Watu wangapi?" Nikaitazama karatasi mbele na nyuma. Hesabu hakuna. Mwalimu kaandika tu, "Sisi ni hawa tuliobaki, Mungu anatujua."

Wewe unajua na mimi najua. Kwetu nani atasimama awahesabu watu walio hai? Mama alinichapa kwa mwiko siku niliyowahesabu watoto wa shangazi kwa kidole, akasema nawaita wafe. Na kila tulipohesabiwa na wenye nguvu, ilikuja kodi, tukaambiwa tuuache mpunga wetu tukalime shamba la pamba, kikaja na kiboko. Nikajaribu kuwaeleza. Mfaransa akaandika kitu kwenye kitabu chake, akavutiwa kweli, kama mtu aliyeonyeshwa ndege asiyemjua. Mzee akasema kamati haiwezi kupitisha mchele wa watu wasio na idadi. Barua ikaahirishwa. Halafu, kaka, wakakaa asubuhi nzima wakibishana juu ya kabati la ofisi, liwe na kufuli moja au mawili. Watu wanakula sumu, wao wanazungumza kufuli! Niliyaandika yote hayo huku nimeuma meno.

Kikao kilichofuata, Mdachi akaleta shauri lake. Mchele na uende, akasema, lakini kwanza yaje majina ya wanaume wote, nyumba kwa nyumba, na nakala ipelekwe boma. Waliokunywa maji ya dawa ya vita wasipewe chakula, kwani kamati haikuundwa kulisha vita. Wakanyoosha mikono. Aliyekataa ni mmoja tu, mfanyabiashara wa Kihindi tunayemwita Seti, mtu wa maneno machache. Kengele ikalia, likapita. Mimi nilikuwa naandika, lakini nilichokuwa nikikiona ni kamba ya kunyongea. Kila jina na kamba yake, na jina lako la mbele kabisa.

Walipotoka, Seti akabaki nyuma akiutafuta mwavuli wake, nao mwavuli alikuwa ameushika mkononi. Akaniambia bila kunitazama, "Karani, soma kanuni za mwaka wa kwanza. Wajane na mayatima hawatakiwi majina. Idadi tu, na sahihi ya mwalimu wao. Kanuni hiyo hakuna aliyeifuta." Akaenda zake.

Basi nikafanya. Niliitoa ile barua nikaifasiri upya. Sahihi ya mwalimu ilikuwapo tayari. Pale aliposema "sisi ni hawa tuliobaki," mimi nikaandika waliobaki ni wajane na mayatima, wanaume wamekwisha wote vitani. Idadi nikaitoa kichwani. Nilipita nyumba moja moja kwa mawazo, kuanzia kwa mwalimu mpaka kwetu kando ya mto, nikihesabu watu walio hai, Mungu anisamehe. Kila mke nikamfanya mjane. Nilipofika kwenu nikasita sana. Nikasema shemeji nimwache. Nikawakumbuka watoto, nikamwandika naye. Kaka, nimekuua kwa wino.

Kikaoni nikaomba radhi, nikasema mara ya kwanza nilikosea kufasiri, Kiswahili cha Rufiji kinanipa taabu. Mdachi akaniuliza, "Karani, kwenu wewe ni wapi?" Nikamjibu Lamu. Hiyo Lamu sijaiona hata kwa ndoto! Akauliza tena, "Lamu mtaa gani?" Mtaa hata mmoja wa Lamu siujui. Seti akadakia papo hapo kuuliza kama kabati limekwisha kutengenezwa, na unavyowajua, mjadala ukarudi kwenye kufuli. Hapo ndipo nilipolishukuru lile kabati.

Wakapiga kura, ombi la Ngorongo likapita bila pingamizi. Kisha mzee akavua miwani yake, akasema wasimame kidogo kuwaheshimu marehemu wa Ngorongo. Wakasimama, vichwa chini, hata Mdachi. Nami nikasimama. Kaka, sijui nikueleze vipi. Yalikuwa matanga yenu, na mimi peke yangu ndiye niliyewajua, mmoja mmoja, mnavyotembea na mnavyocheka. Nilidhani nitacheka, machozi yakanitoka. Mzee akanipa leso yake.

Sasa sikiliza vizuri. Mchele utafika Ndundu, pale penye kivuko, mwezi ukiandama. Utakuja na mkaguzi, naye kazi yake ni kutazama kwa macho. Mwanamume hata mmoja asionekane, isipokuwa mwalimu. Ninyi wengine teremkeni mkae mbali huko mikokoni mpaka aondoke. Wanawake wakae kama watu wa eda: wasijipake mafuta, wasitie wanja, vipini vya pua wavivue.

Na hapo ndipo penye kazi, maana shemeji namjua. Atasema kumkalia eda mume aliye hai ni kumchimbia kaburi. Atasema shemeji yake wa Unguja ameshiba wali, sasa anachezea roho za watu. Na si yeye tu, hakuna mwanamke wa kwetu atakayelikubali jambo hilo kirahisi. Mwambie atukane atakavyo, mimi nimekubali, lakini siku hiyo akae. Mwalimu awasomee dua kwanza wanawake wote, mioyo yao itulie. Maana akicheka mmoja, au akasahau mmoja akamwita mumewe aje ambebee gunia, mkaguzi ataandika. Mchele utarudi Unguja, ninyi mtatafutwa mikokoni, na mimi nitaulizwa tena mtaa wangu wa Lamu.

Nisalimie Mama. Hesabu niliyoifanya usimwambie, mwambie tu mwanawe anamwombea miguu yake. Msalimie shangazi mfinyanzi, ajue vyungu vyake nimevikumbuka sana, ingawa hakuwahi kunisikia nikivisifu. Mjomba mvushaji wa Ndundu, mwambie siku ya mchele amwazime mkewe kasia, mkewe avushe watu, yeye awafuate mikokoni. Mwalimu mpe mkono wangu, umwombe radhi kwa maneno niliyomwekea mdomoni. Jirani yetu nampa pole ya wajukuu zake, sina la kuongeza. Watoto wako wabusu.

Nilitaka niishie hapo. Lakini juzi amekuja mkata boriti aliyekimbia kutoka upande wa Kibiti. Nikamwuliza habari za wanaume wa Ngorongo. Akasema walivuka mto kwenda vilimani kwa Wamatumbi, wamejipaka ile dawa yao, na bunduki ziliwapokea huko. Waliorudi ni wachache. Nikamtajia jina lako. Akasema majina hayajui, akaniomba maji ya kunywa.

Kaka, siku ile nilipoandika kwamba umekufa, nilijua naandika uongo. Uongo ndio ulionipa nguvu ya kushika kalamu. Leo sijui tena nimeandika nini. Kwa hiyo mchele ukifika usinishukuru, sitaki shukrani. Tulisoma chuo kimoja, mwandiko wako naujua. Tafuta kipande chochote cha karatasi uniandikie kwa mkono wako mwenyewe neno moja tu, kwamba mimi ni mwongo.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja kutukanwa,

Mfaume