Jina la Mama Nyuma ya Picha

Karakana ya Kijiji,
Somanga,
S.L.P. 9, Kilwa.
14 Agosti 1976

Mpendwa Dada Kadija,

Shikamoo dada. Mdogo wako Tawakali nakuamkia na kukuulizia hali. Kile kifua kimepona? Shemeji Yahya hajambo? Na Ismaili ameshaota meno ya mbele? Huku sisi wazima, alhamdulillahi, na muhogo umekubali. Ila mimi wiki hii sina raha, na sababu ni ile picha ya marehemu mama.

Ulinituma kazi moja tu: nikutengenezee kalamu na picha ya mama niigandishe ndani yake, ili siku utakayoanza kufundisha kisomo cha watu wazima huko Temeke uwe umemshika mkononi. Na picha yenyewe ni hiyo hiyo moja, hatuna nyingine. Tangu ifike, siigusi bila kunawa mikono.

Ile gundi ya mashua aliyonipa shemeji ni kitu cha ajabu. Ukiitia dawa yake inaganda kama kioo. Lakini dada, karatasi inainywa! Nilijaribu kwanza na picha yangu mwenyewe, ile niliyopiga kwa ajili ya kadi ya chama. Nikaizungushia kwenye kibomba cha shaba kinachokaa ndani ya kalamu, nikaimiminia gundi. Kesho yake natazama, uso hakuna! Nimebaki masharubu na doa jeusi. Baba mdogo Abdurahmani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana ingekuwa ya mama je?

Nikajifunza. Picha sharti ivishwe kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mbele, nyuma na kingo zote, ikauke, ivishwe tena, mara tatu. Ukisahau ukingo mmoja tu, gundi ya mashua inapenya hapo hapo. Picha yangu ya pili niliivisha hivyo kwa unyoya wa kuku, ndipo nikaimiminia gundi ya mashua. Ikatoka safi, hata lile kovu la kidevuni linaonekana. Nikasema basi, sasa zamu ya mama.

Jumatano nikaanza na upande wa nyuma. Nilipitisha unyoya mara moja, ndipo nikaona kuna maandishi ya penseli. Herufi kubwa kubwa, zimelala upande: MWANAHERI. Dada, ulikuwa unajua? Ni mwandiko wa mama, ule wa kisomo, alipokuwa akiandika huku ametoa ulimi! Madaftari yake yaliliwa na mchwa mwaka ule wa kuhamia kijijini, hatuna mwandiko wake mwingine popote.

Na unyoya wangu umeifuta I ya mwisho. Nisamehe. Nilishika penseli niirudishe, nikashindwa. Ingekuwa I yangu, si ya mama.

Sasa sijui nifanyeje. Picha ikizungushwa kwenye kibomba, mgongo wake unagusana na shaba, na jina lile hataliona mtu tena. Tutabaki na uso, mwandiko tumeuzika. Nikisema nisubiri jibu lako, gundi ya mashua kwa joto hili imeshakuwa nzito kama uji, barua yako itaikuta imegandia koponi. Siku tatu nazunguka karakana nikiwafokea watu bure. Naogopa, dada. Mama ni wetu sote, siwezi kumwamulia peke yangu.

Kwa hiyo nakurudishia picha humu humu ndani ya bahasha, katikati ya vipande viwili vya boksi. Tafadhali usiipanguse nyuma. Najua sivyo ulivyotaka.

Msalimie sana shemeji, na Ismaili mpakate kwa niaba yangu. Baba mdogo anakuombea dua, Mwenyezi Mungu akufungulie ulimi mbele ya wanafunzi wako.

Kalamu nayo inakuja na barua hii, nimeifunga kwa kitambaa. Sikutaka uende Temeke mikono mitupu, basi humo ndani nimo mimi na kovu langu. Ukiishika, vidole vyako vitakaa shingoni pangu. Siku ya kwanza andika nayo jina la mama, na ukifika kwenye ile I, nikabe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukinuna,
Tawakali