Mabua ya Jirani

Mjukuu wangu Kiprono,

Sisi huku Turbo tuko wazima, ila magoti yangu yamechoka. Dada yako amejifungua msichana.

Unauliza, "Kogo, sijawahi kuunguza hata sufuria. Mbona watu wa bima wameipa nyumba yangu alama ya juu ya hatari ya moto, na sasa wanataka kunifutia bima?" Hiyo alama haikupimi wewe. Inapima nyasi, mteremko, upepo na majirani.

Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza, nililima ukanda mtupu kuizunguka, moto usipite. Jirani yangu, Mzee Tirop, akarundika mabua ya kulisha ng'ombe kwenye ua uliotutenganisha. Nikamwomba ayasogeze. Akacheka: "Mama, kwani moto umekuambia unakuja?"

Ulikuja kiangazi hicho hicho. Mabua yakashika, upepo ukarusha cheche juu ya ukanda wangu wote. Jiko langu likaungua; mengine sitasimulia.

Mwaka uliofuata akarundika mengine, nikayahamisha mimi mwenyewe, kwa mkokoteni wangu. Tirop ameshafariki. Siku hizi nahamisha ya mwanawe, na asante sijaisikia.

Kwa hivyo lalamika kwa bima, ni haki yako, na uwaulize waliona nini. Halafu bisha hodi kwa jirani, ukiwa na reki yako.

Kogo wako