Hakuna Wiki Iliyofaa

Dengfeng, Guangzhou
4 Januari 2007

Mdogo wangu Vuai,

Assalaam aleikum. Natumai goti lako limepoa na baridi ya Marekani haikukuonea sana. Mimi mwili haujambo, ila nina hasira, na nakuomba uisome barua yote kabla hujanipigia.

Kwanza timu yako, na huo mpira wenu wa Kimarekani. Mmeshinda nane, mmefungwa nane, msimu umekwisha na hata mtoano hamkuugusa. Timu gani hiyo, leo inampiga bingwa, wiki ya pili inafungwa na vibonde? Kila Jumatatu asubuhi, huko kwenu bado Jumapili, mgahawa wa Safia ulijaa watu, Wazanzibari, Wakongo, hata laoban, yule Mchina mwenye duka la simu hapo jirani, wote tunangoja uingie upige teke lako utoke. Baba alikuwa akisema amezaa mtoto anayevaa helmeti ili apige mpira mara tatu akalipwe. Lakini mwingine akithubutu kukucheka, alikuwa hamwachi.

Sasa ami yetu Mwadini. Huyu ndiye aliyenikaa kooni. Alikata shauri kwamba usisumbuliwe mpaka msimu uishe, kwa kuwa mkataba wako mpya ulikuwa unategemea mguu wako. Mkishinda, alisema mtoto yuko katika raha yake, asiharibiwe. Mkifungwa, alisema ana mzigo wake, asiongezewe. Mkashinda, mkafungwa, mkashinda tena, na wiki ya kufaa haikuja. Nilimwambia jambo hili si la kuficha. Akanijibu kwamba mkubwa ni yeye.

Ulipopiga simu siku ya Idd tulisema Baba yuko msikitini. Baadaye akawa Nansha, anafuatilia kontena. Vuai, kontena gani linafuatiliwa bandarini miezi miwili? Nilitamani uniulize hivyo, hukuuliza. Kila mara uliniachia ujumbe uleule, nimwombe Baba radhi kwa lile teke lililogonga mlingoti mkafungwa.

Sikumfikishia. Alikuwa keshazikwa. Baba alifariki kumi la mwisho la Ramadhani, wiki ileile ya mechi ile, kwa maradhi ya moyo. Tumemzika hapahapa Guangzhou, na khitma na arobaini zimepita bila wewe. Kwa simu nimejaribu, lakini nikisikia unamuulizia, ulimi wenyewe unakwenda Nansha.

Na hili ndilo linalonichoma. Pale hospitali alituagiza, mimi na ami, tukwambie kwamba teke lile liliharibiwa na upepo, si mguu wako, na kwamba yu radhi nawe duniani na akhera. Maneno hayo ni yako tangu Oktoba, nasi tumeyakalia tukingoja timu yako imalize kufungwa.

Barua anakuletea Geofrey, anayerudi chuoni huko. Nimemwomba akae nawe unapoisoma. Safia anakusalimu sana. Ami hajui kama nimeandika, na akijua na ajue.

Ni mimi kaka yako,
Murshid