Kila Muuguzi na Mgonjwa Wake

Leeds, Uingereza
Desemba, 1998

Kalondu wangu,

Habari ya huko Kwa Vonza? Mtoto wetu Mumbua anaendeleaje, na yale meno yanayomwota yameacha kumsumbua? Uliniandikia kwamba mvua imeanza vizuri. Natumaini mahindi yamepita magoti sasa. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ndiyo inanitesa, na jioni nikifungua mlango wa chumba hiki hakuna wa kuniuliza nimeshindaje.

Nina habari niliyoshindwa kukuambia kwa simu, maana ile simu ya dukani kila mtu anasikiliza. Krismasi sitafika. Najua mchungaji ameshatenga Jumapili ya kumweka mtoto wakfu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Sababu ni ile programu ya hospitali tunayoitunza ofisini kwetu, ambayo wauguzi wanaitumia kuwaagizia wagonjwa chakula. Ya zamani ilikuwa kama hiyo yenu ya ofisini Kitui: iko ndani ya kompyuta yako, unaitumia peke yako, na ukifungua faili ya mtu inabaki hapo mpaka uifunge. Mkubwa wetu akataka ihamie kwenye mtandao, yaani programu moja tu ikae kwenye kompyuta kubwa, na wodi zote ziitumie kwa pamoja. Akasema tuihamishe vile ilivyo, tusipoteze wakati. Tukaihamisha.

Haikupita muda, muuguzi mmoja mzee anayeitwa Joan akaingia ofisini kwetu amebeba sahani.

"Mgonjwa wangu ana kisukari," akasema. "Mbona mmemletea keki?"

"Labda ulibonyeza jina lingine," mkubwa akamjibu.

"Nilibonyeza jina lake. Hii keki nimemnyang'anya akiwa ameishika!"

Nikamwomba aketi kwenye kompyuta ya mwenzangu, mimi nikakaa kwa yangu. Nikachagua mgonjwa mmoja. Yeye akachagua wake. Nilipobonyeza kuagiza, jina lililotokea mbele yangu lilikuwa la mgonjwa wa Joan. Programu ilikuwa na nafasi moja tu ya kuweka jina la mgonjwa. Kwako nafasi moja inatosha, kwa sababu uko peke yako. Huku wauguzi wote walikuwa wakiandika juu ya nafasi hiyo hiyo, na anayekuja nyuma anamfuta aliyetangulia.

Mkubwa akaizima papo hapo, wodi zikarudi kwa karatasi. Ikabidi tupitie kila mahali programu inapokumbuka kitu. Sasa kila anayeingia anapewa namba yake, na kompyuta yake inaituma kila akibonyeza, ili ile kubwa ijue ni nani na imfungulie mambo yake, si ya mwenzake. Bila namba hiyo haimjui hata kama wametoka kuongea sasa hivi.

"Mutua, na safari yako?" mwenzangu akaniuliza.

Nilimfikiria yule mgonjwa ameshika keki. Nikaenda kuahirisha tikiti. Nilirudi kwa miguu, sikutaka watu wa basi wanione vile nilivyokuwa.

Jana tumemaliza. Joan alikuja na wenzake, wakakaa kila mmoja na kompyuta yake, wakabonyeza kwa fujo makusudi, na kila mmoja akabaki na mgonjwa wake. Joan akanishika bega: "Sasa nenda ukamwone mtoto wako." Lakini tikiti za Krismasi zimeshakwisha, na mkubwa amenipa ruhusa ya Februari.

Mchungaji asiningoje. Mwombe kaka yako Kioko asimame mahali pangu kanisani, halafu uniandikie yote: Mumbua alivaa nini, alilia au alilala, mliimba nini.

Nisalimie mwaitu, mama yangu, umwambie lile sweta alilonifumia sivui. Msalimie baba yako, na Mama Nduku jirani anayekusaidia kuteka maji.

Nikifika, mtoto hatanijua. Akilia nikimbeba, usimchukue haraka. Niachie kidogo.

Ni mimi mume wako, mwenye hamu nawe kila siku,
Mutua